Nukuu Bila Sauti

Kirumbe alikuwa amefika katikati ya hoja yake sauti ilipomfia mdomoni.

Midomo iliendelea kucheza. Kidole chake kilichoma hewa kama cha wakili, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kidato cha tatu kizima hakikusikia kitu ila mvumo hafifu kutoka darini, kama wa nyuki walio mbali. Kisha sauti ikarudi ghafla, naye akasikika akimalizia: "...na ndiyo maana, Mwalimu, nasema mwanamke huyu ni shujaa."

Darasa likaangua kicheko.

"Ndiyo maana ipi?" akauliza mwenzake wa nyuma. "Ushahidi wako uko wapi?"

"Nimeutoa!"

"Umeutoa kwa nani? Sisi hatujasikia."

Kirumbe akatazama juu kwa chuki. Pale kwenye boriti alining'inia popo.

Shirika la Ngao ya Maneno lilikuwa na jina refu na la heshima kwa kifaa kile, lakini hakuna mtu Usangi aliyewahi kulitumia. Kilikuwa cheusi, kimekunja mabawa, kichwa chini miguu juu, popo basi. Ndani yake mlikuwa na kila sentensi ya kila kitabu chenye mwenyewe. Ukitamka maneno machache tu yanayofuatana kama yalivyo kitabuni, popo aliyatambua kabla hujafika mwisho, akatoa wimbi la sauti lililo kinyume kabisa na lako. Pale wimbi lako lilipopanda, la kwake lilishuka; mawili yakikutana, kinachobaki ni kimya. Ukiandika maneno yale ubaoni, jicho lake liliyasoma, taa ikawaka nyekundu, na taarifa ikafika makao makuu kabla chaki haijarudi kwenye kisanduku.

Wanafunzi waliruhusiwa kukisoma kitabu, kila mtu na kibao chake cha kielektroniki, kimyakimya. Waliruhusiwa hata kuwa na maoni juu yake. Kuyathibitisha maoni hayo ndiko walikokatazwa.

Nakijwa, aliyekaa mbele karibu na dirisha, aligeuka akamtazama Kirumbe. Alikuwa kiziwi tangu surua ilipompitia utotoni, na kile kicheko alikiona tu kwenye mabega ya wenzake. Akauliza kwa mikono: *Kuna nini?*

*Nimenyamazishwa,* Kirumbe akajibu kwa mikono vilevile. Darasa lote lilijua lugha ya alama, mmoja vizuri, mwingine kwa kubabaisha. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha tangu kidato cha kwanza, kwa kuwa hakutaka mtoto mmoja aishi darasani kama mgeni.

Nakijwa akainua nyusi. *Nyote?*

*Sote.*

*Karibuni nyumbani,* akasema Nakijwa, na safari hii hata Kirumbe alicheka.

Mwalimu Eliaichi Mfinanga hakucheka. Alisimama ameshika chaki, akimtazama yule popo. Mama yake Eliaichi alikuwa kiziwi. Lugha ya mikono aliijua kabla hajajua kutamka neno "maji". Alijua vizuri ule uso wa mtu aliyesema jambo la maana na dunia ikaendelea na shughuli zake. Siku hiyo aliuona kwa kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani.

*

"Kifungu kipo, Mkuu," alisema alasiri ile ofisini kwa Mwalimu Mkuu Mgonja. "Mwalimu anaruhusiwa kunukuu sehemu ya kazi ya mtu kwa ajili ya kufundisha na kuhakiki. Mradi amtaje mwandishi, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Matumizi ya haki. Imeandikwa kwenye sheria ileile iliyotuletea hilo dude."

"Najua kipo." Mgonja alikuwa mtu mpole, na upole wake ulizidi kila alipoogopa. "Niliwauliza siku walipokuja kulifunga. Wakaniambia haki ya namna hiyo inahitaji kupima. Ni sehemu kubwa au ndogo? Ni kwa somo au kwa biashara? Inamwibia mwandishi wanunuzi au haimwibii? Mashine haipimi, Mwalimu. Inatambua tu."

"Basi apime mtu."

"Mtu huyo yuko makao makuu. Tumeshamwomba kibali. Hajajibu."

"Na mtihani wa taifa utawauliza watoto hawa mtindo wa mwandishi. Watauelezaje mtindo ambao hawajawahi kuusikia? Shule za mjini zina leseni ya sauti. Zetu hazina. Tuseme watoto wa milimani hawana masikio?"

Mgonja akainuka, akamfungulia mlango kwa upole.

Kwenye ukumbi wa nje, Kiure, mwalimu wa fizikia, alikuwa anamsubiri. Alisikiliza mlangoni na wala hakuona aibu.

"Naweza kumlaza huyo popo," alinong'ona. "Kazi ya mchana mmoja. Lakini ujue, akilala yeye, ghala lote liko wazi. Kila kitabu kilichomo kitamwagika, na mtu yeyote atakinakili, kizima, apendavyo."

Eliaichi alitamani kusema ndiyo. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi. Lakini akamkumbuka mzee aliyeandika kile kitabu, akiishi mwendo wa vilima viwili tu kutoka pale, ambaye ujana wake wote kazi zake zilitolewa nakala kwenye kila kibanda cha steshenari huku yeye akivaa koti lililopasuka kwapa.

"Hapana, Kiure. Ninachotaka ni sentensi. Wewe unanipa nyumba nzima ya mtu."

"Wenzako wangechukua nyumba."

"Wenzangu walishaichukua. Ndiyo maana tuna popo."

*

Mzee Ombeni Mzirai alimpokea barazani kwake, blanketi mabegani, maana ukungu wa Upare ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuomba." Hakuuliza, alisema. "Walimu wakipanda huku huja kuomba."

Eliaichi akaketi. Akamweleza yaliyompata Kirumbe. Hapa hapakuwa na popo, kwa hiyo alipofika kwenye ile sentensi aliitamka kwa sauti kamili, akastaajabu jinsi ilivyojaa kinywani:

"'Mwanamke alisimama juu ya ukingo wa ndiva akasema: Bwawa hili lilichimbwa kwa mikono, halitafungwa kwa karatasi; kisha akaliondoa gogo, na bonde zima likamsikia.'"

Mzee alifumba macho. Kwa kitambo alionekana kijana. Kisha akayafumbua, naye akawa mzee tena, tena mkali.

"Unajua kitabu hiki nilikiandika miaka mingapi? Kilipotoka, nilikiona Same, Mwanga, hadi Korogwe. Kila mahali nakala za mashine, kurasa zimepinda, jina langu limekatwa nusu. Mke wangu aliumwa nikauza ng'ombe, na siku hiyohiyo mwalimu mmoja akanisimamisha njiani kunishukuru, eti shule nzima imekisoma. Shule nzima! Nakala moja ndiyo waliyonunua. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda Dodoma kuidai ile sheria. Popo huyo ni mtoto wangu, Mwalimu. Na jibu ni hapana."

"Walikukosea, mzee. Sitaki kulipunguza hilo hata kidogo."

"Basi tumemaliza."

"Bado." Eliaichi hakuinuka. "Nilipokuwa nakuja nilidhani nakuja kuomba. Sasa naona nilikosea. Ningetaka kukitoa kitabu chako kizima nikawagawia watu, ningekuomba, na ukikataa ningenyamaza. Lakini kuchukua sentensi moja, kukutaja jina, kuiweka mbele ya watoto na kuuliza kama ni njema au ni mbaya, hilo haliko mkononi mwako. Likiwa mkononi mwako, watakaokunukuu ni wanaokusifu tu."

Mzee alikaza macho. "Kwani wewe unataka kunikosoa?"

"Mimi bado. Wanafunzi wangu, sijui. Ndiyo maana ya kufundisha."

"Toka kwangu."

"Natoka, mzee. Sikuaga nyumbani kwamba nakwenda kuiba, na siendi kuiba. Nimekuja kukuarifu, usije ukasikia kwa watu."

Aliteremka kilima. Hakuwa mtu wa kujibizana na wazee. Ila hakurudi nyuma kuomba radhi.

*

Somo lililofuata, Eliaichi aliingia darasani mikono mitupu. Hakugusa chaki. Alisimama mahali ambapo kila mmoja angemwona, akaikunja mikono ya blauzi yake hadi kwenye viwiko.

*Kitabu,* akasema kwa mikono, *ni cha Ombeni Mzirai. Sehemu nitakayoitoa ni hii moja tu. Mwenye kutaka zaidi, kibao chake kinacho.*

Kisha akainukuu.

Vidole vyake vilichimba ndiva hewani, udongo ukapanda, ukingo ukainuka. Mwanamke akasimama juu yake. Karatasi ikaja, nyepesi, ikataka kuufunga mlango wa maji, mikono ikaikataa. Gogo likaondoka. Na bonde zima likasikia, ila katika lugha ya mikono Eliaichi hakusema kusikia. Alifanya vile viziwi wafanyavyo: bonde zima likageuza uso, likatazama.

Popo alining'inia kimya. Jicho lake lilikuwa wazi, taa yake ya kijani. Waliomtengeneza walimfundisha Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, na lugha nyingine nyingi kupita idadi. Lugha ya viziwi hakuna aliyeona haja ya kumfundisha. Viziwi hawakuwa soko.

Kirumbe aliinua mikono kwanza. Aliirudia ile sehemu ya karatasi, taratibu, kisha akatoa hoja yake yote, ushahidi na hitimisho, na safari hii hapakuwa na shimo katikati. Wenzake walimpinga. Mabishano yakapamba moto bila sauti hata moja. Viti tu vilikwaruza sakafu na viganja vikapigana. Mwalimu Mkuu Mgonja alipita dirishani, akachungulia, akaona kidato cha tatu kizima kikigombana kimyakimya juu ya fasihi. Akaondoka kwa ncha za vidole.

Lakini kamera ya popo ilipeleka picha makao makuu, na huko mtu mmoja, labda mwenye ndugu kiziwi, alitazama akaelewa.

*

Afisa aliyekuja aliitwa Rwezaura. Alivaa vizuri, alisalimia vizuri, na alimleta Mzee Mzirai kwenye gari lake, kwa sababu sheria ilitaka mwenye kazi aweke kidole chake kwenye malalamiko ndipo mwalimu afutiwe leseni ya ualimu. Wakaketi wote mle darasani, Mgonja akiwa kwenye kiti cha pembeni akijifuta jasho kwa leso.

"Mwalimu Mfinanga," alisema Rwezaura, "unakana kwamba ulitumia maneno ya mzee huyu bila kibali, kwa njia ya kukwepa kifaa?"

"Neno moja nalikana. Kukwepa. Haki yangu ipo kwenye sheria yenu. Kifaa chenu ndicho kinachoikwepa."

"Ungesubiri kibali."

"Niwasubirishe watoto wasikue?"

Rwezaura akatabasamu kidogo. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekwisha kuzoea. "Hoja hizo utazitoa mbele ya baraza la nidhamu. Mimi nakamilisha malalamiko. Mzee, weka kidole hapa."

Akasogeza kibao. Mzee Mzirai aliinua kidole chake, kikabaki hewani.

"Kwanza nataka kujua," alisema. "Walisema nini juu yangu?"

Eliaichi akawageukia wanafunzi. "Mwandishi anauliza. Nani atamjibu?"

Nakijwa alikuwa akimtazama mwalimu wake midomoni. Akasimama. Mikono yake ilianza polepole, kisha ikashika kasi, na Eliaichi akatafsiri kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza.

"Anasema: Shikamoo, babu. Sentensi yako ni nzuri, nimeisoma mara nyingi. Lakini kwenye kitabu chako mwenyekiti ana jina. Karani ana jina. Hata mbwa wa karani ana jina. Huyu aliyefungua maji kwa ajili ya wote unamwita mwanamke tu, toka mwanzo hadi mwisho. Anauliza: kwa nini mwenye kazi kubwa kuliko wote hakupewa hata jina?"

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Mgonja alitazama viatu vyake.

"Binti huyu hakuelewa!" Mzee akasimama, blanketi likamdondoka begani. "Hana jina kwa kusudi! Sikiliza nilivyoandika. 'Mwanamke alisimama juu ya ukingo wa—'"

Mvumo wa nyuki ukashuka kutoka darini. Midomo ya mzee ikacheza bila sauti. Alikwenda hadi mwisho wa sentensi kabla hajagundua. Akanyamaza. Akajaribu tena, kwa nguvu, kifua kimetuna, na tena mle darasani hakukusikika kitu.

Hakuna aliyecheka.

"Ni yangu," alisema mzee, na haya yakasikika vizuri kabisa, kwa kuwa hayakuwa kitabuni. "Niliyeyaandika ni mimi."

"Kifaa hakimtambui mtu, mzee," Rwezaura alisema kwa upole wa kweli. "Kinatambua maneno. Ukitaka kuyasoma hadharani, tutakuombea kibali. Haitachukua muda. Sasa, kidole tu, tumalize."

Mzee Mzirai alikitazama kile kibao. Akamtazama popo, kisha binti aliyekuwa bado amesimama akisubiri jibu lake. Mkono wake ukakisukuma kibao kando, taratibu, kama mtu anayekataa chakula alichopikiwa kwa nia njema.

"Bwana mdogo, nilitaka ngao nisiibiwe. Sikutaka ngao nisijibiwe."

"Mzee, huyu mwalimu amekukosea..."

"Alikuja kwangu akanitukana barazani mwangu, ndiyo, na hilo tutalizungumza mimi na yeye. Lakini ameniibia nini? Kitabu changu kiko palepale. Amechukua sentensi moja akaifanyia kazi, na kazi yenyewe ni kwamba mtoto amenikamata pabaya. Miaka yote hii mahakimu wa tuzo hawakuliona lile la mbwa!" Akamgeukia Eliaichi. "Naomba nijibu. Nitamjibuje kama siwezi kusema nilichoandika?"

"Kwa lugha yake, mzee."

Rwezaura alikusanya vitu vyake. Bila kidole cha mwenye kazi hapakuwa na malalamiko, na leseni ya Eliaichi ingebaki palepale ilipokuwa asubuhi. "Nitaandika taarifa hata hivyo," alisema mlangoni. "Popo atafundishwa alama. Huenda si mwaka huu, lakini atafundishwa."

"Andika," alisema Eliaichi. "Andika jina langu, na la shule. Andika sentensi yenyewe yote, na chini yake uandike Ombeni Mzirai. Sisi hapa hatumnukuu mtu bila kumtaja. Na popo akishajua alama, niiteni barazani nikaulize ni nani aliyewauzia mikono ya mama yangu."

Gari liliondoka. Popo alibaki pale pale darini, na hakuna aliyejidanganya kwamba kesho hatakuwapo.

Mzee alikuwa amekwisha kusogeza kiti hadi mbele ya dawati la Nakijwa. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, havikukunjuka sawasawa. Binti akavishika, kimoja kimoja, akaviweka panapostahili: hapa ndiva, hapa ukingo. Mzee alipofika kwa mwanamke alikosea, na Nakijwa akatikisa kichwa, akamrudisha mwanzo bila huruma. Safari ya pili alifika hadi kwenye gogo. Kidato cha tatu kilikuwa kimezunguka dawati, wengine wamepanda juu ya viti.

"Sasa mwambie," mzee akamwambia Eliaichi, akihema, "mwambie hana jina kwa sababu yeye ni kila mwanamke."

Eliaichi akatafsiri. Nakijwa hakuchukua muda kufikiri.

"Anasema, kila mwanamke anayemjua yeye ana jina."

Mzee Mzirai akaliokota blanketi lililomdondoka. Akapangusa uso kwa pembe yake. Halafu akajiweka sawa kitini, akaegemeza viwiko juu ya dawati, macho kwenye mikono ya yule binti.

"Mwambie arudie," alisema, "na arudie polepole. Nataka nimkatalie vizuri."